Kitambaa Kinachorudi

Ninyi mnaopita mbele ya kibaraza changu hapa Kivinje kila asubuhi mkielekea karakana ya Athumani, mkanipa shikamoo bila kupunguza mwendo, leo simameni kidogo. Marahaba yangu ya leo ni ndefu. Nimeikalia cherehani miaka mingi kuliko umri wa mkubwa wenu, na nimeiacha kabla haijayala macho yangu, bahati ambayo mafundi wengi walionitangulia hawakuipata. Ninaandika kwa sababu ya neno moja nililolisikia kwenu juzi.

Binti mmoja wa kundi lenu, yule mwenye miwani, alikuja kuniazima mkasi. Alikuwa amebeba gauni alilolikata vibaya, jembamba kuliko mwenye kulivaa. Akaliinua nilione, akacheka, akasema: "Dah, bibi, hii nimeiselemani kabisa."

"Umeifanyaje?"

"Nimeiselemani. Si nimekata ndogo? Karakana nzima tunasema hivyo. Ukikata nguo isiyomwingia mtu, umeselemani."

"Na Selemani ni nani?"

Akabetua mabega. "Bosi anasema alikuwa mzee mmoja wa zamani, teknolojia ilimshinda."

Nilimpa mkasi. Sikumpa jibu, kwa kuwa nilijua jibu lingekuja na sauti ambayo hakustahili kuisikia. Jibu ni hili mnalolisoma. Selemani alikuwa mtu, si kitenzi. Alikuwa Fundi Selemani, aliyenifundisha kazi mimi na akamfundisha Athumani, bosi wenu, kwenye baraza moja, kwa mkasi mmoja. Mnalitamka jina lake mara nyingi kwa siku kuliko wanawe, na kila mnapolitamka mnamzika vibaya.

Kabla sijaendelea, msinihesabu miongoni mwa watu wanaonuna kila kitu kipya kinapoingia mjini. Nasoma. Najua mnafundishwa habari za kitambaa kinachofukuza jasho, cha pili ambacho maji hukimbia juu yake kama juu ya jani la gimbi, na cha tatu kinachozuia ukali wa jua. Najua zipo nyuzi zinazotengenezwa kwa chupa za plastiki zilizoyeyushwa, na simu inayomtazama mtu akigeuka mara moja ikasoma mabega, kifua na nyonga bila utepe kumgusa. Binti yuleyule aliwahi kuniambia kuwa huko duniani zipo fulana zenye nyuzi zinazosikia mapigo ya moyo na kumpelekea daktari habari. Alinitazama akisubiri nishangae. Nilimuuliza kama fulana hiyo, ikiusikia moyo wa mtu unadanganya, inasema. Akadhani namtania.

Wala sisemi kuwa vitu hivi ni vibaya. Mama yangu alilima shamba la kijijini Kikole kwa gauni la pamba lililolowa asubuhi na kukauka jioni likiwa bado mwilini, na kifua kilimsumbua maisha yake yote. Mke wa mdogo wangu analima shamba lilelile kwa fulana nyepesi ya mikono mirefu, anarudi nyumbani ngozi ikiwa kavu, na hakohoi. Mtu atakayenitaka nilipinge jambo hilo kwa kuwa ni jipya atafute bibi mwingine.

Lakini nimeona na upande wa pili, ambao pengine hamuonyeshwi. Zamani vipande vilivyobaki chini ya meza ya fundi vilijaza mito ya kulalia. Kila nyumba ya Kivinje ililalia mabaki ya nguo za jirani, na mto ukichoka ulichomwa au kufukiwa, mambo yakaisha. Leo jazeni mto kwa vipande vya hiki kitambaa kinachoteleza mkalalie: kichwa kitaamka kimelowa na shingo imepinda. Na mwaka juzi nilipokuwa nikichimba shimo la kupanda mpapai nyuma ya nyumba, jembe lilitoka na kipande cha gauni nililolishona nikiwa msichana. Maua yake yalikuwa bado mekundu. Waliolivaa wengine wamekuwa udongo, gauni halijawa. Nilikisuuza kipande kile, nikasimama nacho uani kama mtu aliyerudishiwa zawadi aliyoitoa kwa nia njema.

Basi mafundisho ya kazi kwanza, msije mkasema bibi amewaita kuwasengenyea tu. Mkishona kitambaa kinachovutika, tumieni sindano yenye ncha butu, inayousukuma uzi kando badala ya kuutoboa. Ya ncha kali itaruka mishono, nanyi mtailaumu cherehani isiyo na kosa. Msikivute mnapokishona, uacheni mguu wa cherehani ukisogeze wenyewe. Kile kinachoteleza kama mkunga, wekeni karatasi nyembamba chini yake, shoneni vyote pamoja, kisha chaneni karatasi. Na mkiwa na shaka na maneno ya muuzaji, chomoeni uzi mmoja muuchome. Pamba itanuka karatasi na kuacha jivu; plastiki itajikunja na kuacha ushanga mweusi mgumu. Muuzaji ana biashara ya kulinda. Moto hauna.

Hilo la moto nilifundishwa na Fundi Selemani, naye alifundishwa na suruali. Alikuwa mtu mzima tayari, ndevu zimeanza mvi, wakati mwalimu mmoja wa shule alipoleta kitambaa cha suruali ambacho hatukuwahi kukiona: kizuri, kizito, hakikunjamani. Fundi akakikata, akashona, kisha akaipiga pasi ya mkaa kama alivyozoea. Ikanata. Alipoiinua, nusu ya paja ilipanda nayo, imeshika chini ya pasi kama ukoko wa ugali.

Akaniita: "Somoe, njoo uone. Nimepika suruali."

Mwalimu mwenyewe alipokuja, Fundi hakuficha wala hakuzungusha maneno. Akamwonyesha pasi. Mwalimu akainama, akanusa, akasema, "Fundi, na chumvi hukutia?" Wakacheka mpaka wapita njia wakasimama. Tangu siku ile, kila kitambaa kigeni kilichofika barazani kilichomwa uzi kwanza, na kila pasi ilijaribiwa kwenye kipande, na kati ya pasi na nguo likawekwa kitambaa cha pamba kilicholoweshwa. Ilimtosha asubuhi moja kujifunza. Nataka muishike asubuhi hiyo. Mtu mnayeambiwa kuwa teknolojia ilimshinda alipata habari ya kweli asubuhi, na kufikia adhuhuri alikuwa amebadili desturi ya maisha yake yote. Kilichomshinda baadaye kilikuwa kitu kingine.

Sasa nifafanue desturi ambayo ninyi hamkuikuta. Fundi Selemani hakuwahi kuzungusha utepe kwenye mwili wa mwanamke asiye maharimu wake, yaani asiye jamaa yake wa karibu. Mwanamke aliyetaka gauni alileta, au alituma, gauni lake jingine linalomkaa vizuri. Hiyo tuliiita nguo ya kipimo. Fundi aliilaza mezani, akaipima yenyewe, akakata mpya kwa kuifuata. Nilipoanza kazi nilijipendekeza, nikasema kwa kuwa mimi ni mwanamke basi niwapime wanawake kwa utepe. Bibi mmoja wa mtaa wa pwani akanijibu mbele ya watu: "Kiuno changu nikupe wewe, mtoto, ukakisome sokoni?" Nikaukunja utepe wangu. Nguo ya kipimo ilikuwa na heshima ambayo utepe haukuwa nayo: haikusimulia.

Sheria za Fundi juu ya nguo hiyo zilikuwa chache, na hakuzivunja. Ya kwanza: nguo ya kipimo haivutwi. Aliilaza kama mama anavyomlaza mtoto aliyesinzia, akaipapasa kwa mgongo wa kiganja kutoka begani kwenda pindoni, akaiacha itulie, ndipo akaigusa kwa utepe. Siku moja nilinyoosha mkono wa gauni ili ulale vizuri. Rula ilipiga meza kando ya vidole vyangu.

"Ukivuta," alisema, "unapima nguvu ya mkono wako. Hupimi nguo."

Sheria ya pili ilikuwa swali. Kabla ya kupima alimuuliza aliyeileta: "Imerudi?" Pamba hurudi, kila mtu wa hapa anajua; ukiifua mara ya kwanza na ya pili inajikusanya, na gauni lililokuwa la kifundo cha mguu linapanda. Kama mtu alijibu kuwa imerudi, Fundi aliongeza kidole kila upande, maana kitambaa kipya nacho kingerudi. Kama haijarudi, aliifuata kama ilivyo. Swali moja, neno moja, na kwa neno hilo alivisha mji mzima, bibi, mama na binti, bila kumtazama mwanamke yeyote zaidi ya usoni.

Athumani aliingia barazani mwaka uleule nilioingia mimi. Sitaupunja ustadi wake: mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wangu, na mishono yake ya shingo ilikuwa kama iliyochorwa. Alikuwa pia na jicho la kuona mbele, na mbele alikokuona hakukuwa na baraza. Akaenda Dar es Salaam akakaa kitambo kwenye maduka ya Kariakoo, akarejea kazini kwetu kabla ya Ramadhani, na mzigo wa magauni yaliyoshonwa tayari ambao hakuufungua barazani. Hayakuwa ya kitambaa cha fulana, ambacho kila mtu angekijua kwa kukiona. Yalionekana kama kitambaa cha kawaida kilichofumwa, kikavu mkononi, chenye maua madogo. Ila ndani ya nyuzi zake za upana ulikuwa umefichwa uzi mwembamba wa mpira. Ukiligusa gauni lile kwa urefu hulijui. Ukilivuta kwa upana linafunguka kama mlango.

Namna alivyoyauza nilisimuliwa baadaye na wanawake wenyewe, na waliisimulia kwa kuigiza. Alipita ua kwa ua, amelishika gauni kwa mikono miwili, analivuta hewani na kuliachia. "Mama zangu, tazameni! Mnene anaingia, mwembamba anaingia, mja mzito anaingia na mwanawe!"

"Na mume wangu je?" akauliza mmoja.

"Anaingia na yeye. Ila ndevu zitashika zipu."

Yaliisha kabla ya Idi. Wanawake wa Kivinje waliswali Idi ile wamependeza, nami niliwasifu.

Haukupita muda mrefu Bi Zaituni, mwuza samaki wa kukaanga, mjane mwenye binti mmoja tu, akamuoza binti huyo. Akataka yeye na dada zake na mashangazi wa bibi harusi wavae sare, satini nzito ya zambarau, isiyovutika hata ungefungia ng'ombe. Kazi akampa Fundi Selemani, kwa kuwa hata gauni la harusi yake mwenyewe alilishona yeye. Siku mfuko wa nguo za kipimo ulipoletwa, mimi sikuwapo; nilikuwa nimepeleka sare za shule Kiranjeranje. Mfuko aliupokea Athumani kutoka kwa mtoto aliyetumwa. Na ndani ya mfuko, kila mwanamke alikuwa ameweka gauni lile linalomkaa vizuri kuliko yote aliyonayo: la Idi.

Niliporejea, satini ilikuwa imeshakatwa na nguo za kipimo zimerudishwa mfukoni. Nikakaa kuunganisha vipande. Nilipofika kwenye gauni la Bi Zaituni nilisita, maana Bi Zaituni, Mungu amrehemu, alikuwa mama wa mwili.

"Mwalimu, hili si jembamba kwa Bi Zaituni?"

"Umempima?"

"Sijampima. Ila namwona."

Fundi akaweka mkasi chini. "Somoe, mimi kipimo changu ni nguo ya mtu, si jicho langu. Siku jicho la fundi litakapoanza kuwapima wake za watu, fundi huyo atafute kazi nyingine. Tena mwezi wa Ramadhani umepita. Watu wamepungua."

"Bi Zaituni hakupungua, Mwalimu. Alikuwa anakaanga sambusa za mtaa mzima."

Akatabasamu, akarudi kazini. Athumani alikuwa ameketi pembeni yetu, anatia vifungo kwenye kanzu, amesikia kila neno. Alikuwa anaimba kwa sauti ya chini. Hakuinua kichwa.

Asubuhi ya harusi nilizibeba sare mwenyewe hadi kwa Bi Zaituni. Chumba kilijaa moshi wa udi na wanawake waliokwisha kuoga. Wa kwanza kuvaa alikuwa shangazi mkubwa. Gauni lilimpita kichwani, likafika mabegani, likakataa. Akabaki mikono juu, kichwa kimefunikwa na zambarau, sauti inatoka ndani: "Nitoeni! Nitoeni kwanza, mtacheka baadaye!" Wakamtoa. Wa pili, hivyohivyo. Wa tatu akashurutisha, na mshono wa kwapa ukapasuka kwa mlio ambao nausikia mpaka leo.

"Somoe," mmoja akaniambia, "fundi wako katushonea sisi au kawashonea wajukuu zetu?"

Vicheko vilikuwa vingi mpaka Bi Zaituni aliposhika gauni lake, akalipima kifuani bila kulivaa, akaketi kitandani nalo. Alikuwa na binti mmoja, na siku moja ya kumtoa binti huyo, na siku hiyo alikuwa ameketi kwa kanga ya jikoni huku wageni wanabisha hodi. Vicheko vikakatika. Nilikunja kila gauni nililolishona kwa mikono yangu, nikiwa siwezi kuona ninachokunja.

Hapo ndipo Athumani alipobisha. Alikuwa na mfuko. "Mama zangu, msilie. Leo hakuna atakayeaibika." Akatoa magauni ya kuvutika, yaleyale ya mtindo wa Idi, yanayomwingia kila mtu. Mengi, ya kuwatosha wote. Ya zambarau.

Niwaulize, ninyi mnaosoma biashara pamoja na ushonaji. Nani huweka akiba ya magauni ya zambarau, rangi ileile ya sare ya harusi ya watu, kama hajui kuwa yatahitajika?

Lakini siku ile hakuna aliyeuliza. Walivaa, wakapendeza, wakambusu mikono kama mkombozi. Na msafara wa kumpeleka bibi harusi ulipopita mbele ya baraza ya Fundi Selemani, wanawake walikuwa tayari na wimbo, wa makofi, uliotungwa njiani: Fundi kakata gauni, katoa soksi. Alikuwa amesimama mlangoni na kofia yake nzuri kichwani, amejiandaa kuona kazi yake ikipita. Aliona zambarau. Ilichukua muda mpaka akajua si satini yake. Wimbo ulimfikia kabla ya habari.

Baada ya karamu ya walima tulikutana barazani sisi watatu. Fundi alikuwa na gauni lililopasuka kwapa mkono mmoja, na mkono wa pili gauni la Idi la Bi Zaituni, ambalo lilikuwa bado halijarudishwa kwa mwenyewe.

"Athumani, nilikuuliza."

"Uliniuliza, Mwalimu, nami nilikujibu. Ulisema, zimerudi? Nikasema hazijarudi wala hazirudi. Zifue hata kwa maji ya moto uone."

"Ulijua zinavutika."

"Hukuniuliza kama zinavutika."

"Na yale ya zambarau," nikasema mimi, "uliyaota?"

"Biashara ni kuona mbele, Somoe. Mimi nimemsitiri Bi Zaituni. Ninyi mmemfanya nini?"

Fundi aliliweka chini lililopasuka, akalishika gauni la Idi kwa mikono yote miwili na, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akaivuta nguo ya kipimo. Ikafunguka kwa upana mpaka mikono yake ikawa mbali. Akaiachia. Ikajikusanya palepale, ndogo, tulivu, kama haijawahi kuwa kitu kingine.

"Kumbe ilikuwa imerudi," akasema. "Imelala mezani pangu imekwisha rudi, nami nauliza."

Nimesoma vitabu vingi tangu hapo, na nimetafuta mahali ambapo jambo lile limeelezwa vizuri kuliko alivyolieleza yeye. Sijapata. Neno lilelile alilolitumia maisha yake yote lilikuwa limepata maana ya pili, huko Kariakoo, na aliyeijua maana hiyo alikuwa mmoja tu kati yetu. Angeweza kuisema kwa pumzi moja: Mwalimu, hizi zivute kwanza. Fundi angekasirika kidogo kwa ajili ya sheria yake, kisha angefanya kama alivyofanya siku ya suruali. Badala yake alichukua jibu la kweli akalitumia kufanya kazi ya uongo. Msije mkadhani uongo ni maneno yasiyo ya kweli tu. Ule ulio mbaya zaidi hauna hata neno moja la uongo ndani yake, ndiyo maana aliyeusema hulala usingizi.

Tangu siku ile Fundi Selemani hakukata kitambaa. Alinipa mkasi, akabaki kutia viraka na kupandisha pindo. Wateja walikuwa na adabu, hawakumtukana. Waliacha tu kuja. Hatimaye alifunga baraza akaenda Kikole, kwenye mikorosho yake. Nilikuwa nikimtembelea. Mkewe alinionya nisishangae. Alikuwa ameanza kuvuta. Chandarua, shati la mjukuu, shuka la mgeni, ncha ya mtandio wangu nikiwa nimeuvaa: alikishika kwa vidole viwili vya kila mkono, akavuta kwa upana, akaachia, akatazama. "Hiki kinarudi?" Aliuliza kila mara, hata alipojionea jibu mwenyewe. Mtu aliyekuwa akinipiga marufuku kuvuta mkono wa gauni.

Athumani alimtembelea mara moja, siku ya Idi, nami nilikuwapo. Alikuja na gari na zawadi: kanzu ya kitambaa kipya, nyeupe, isiyokunjamana, baridi mwilini, imetariziwa shingo kwa mashine ya kompyuta. Kazi safi, sisemi vingine. Alikaa kwenye mkeka, akasimulia habari za karakana, mashine, maagizo ya kutoka mbali. Fundi alisikiliza yote. Kisha akaitwaa kanzu, akaishika kwa mikono miwili, akaivuta. Ikafunguka. Akaiachia. Ikarudi.

"Hiki kinarudi, Athumani," akasema. "Wewe je?"

Athumani akacheka. Akatazama saa. Akasema Mwalimu bado ana utani wake, akaniaga mimi, akaondoka kabla chai haijaiva.

Fundi hakuivaa kanzu ile. Alifariki mvua zilipoanza, na alizikwa kwa sanda ya bafta ya pamba, ambayo niliuchoma uzi wake kwanza kwa mikono yangu, kama alivyonifundisha, nikaunusa na kuona jivu. Athumani alituma rambirambi. Miaka michache baadaye alinitaka nikafundishe kwenye karakana yake, nikakataa kwa kusingizia mgongo. Mgongo uliuma kweli. Mnaona jinsi ilivyo rahisi?

Sasa neno lenu. Siwezi kulitoa vinywani mwenu kwa amri. Maneno hayavuliwi kama viatu. Nawataka tu mjue mnachokisema. Mkikata nguo ndogo kwa uvivu, hamjaselemani. Mkikata ndogo kwa kutopima, hamjaselemani. Kuselemani ni kumwamini mwanafunzi wako aliyeketi kando yako, na kukataa kumtazama mwanamke wa watu zaidi ya usoni hata kama ungeokoka kwa kumtazama. Sijamuona hata mmoja wa karakana ile aliyewahi kuselemani. Bosi wenu ndiye wa kwanza ambaye hajawahi.

Kanzu ile ya zawadi ninayo mimi. Mjane wake alinipa. Imekaa kabatini miaka yote hii, haina mkunjo, haina doa. Njooni mmoja mmoja, muishike kwa mikono miwili, muivute kwa nguvu zenu zote, muiachie. Inarudi mpaka leo. Athumani hupita mbele ya kibaraza hiki kila siku, kioo cha gari kimepandishwa. Yeye bado.